Kwa nini nikisafiri na familia kwenda marathoni nakimbia vibaya kuliko nikienda peke yangu?

Mwendapole #1
Wakuu, habari za mazoezi.

Kuna jambo linanisumbua muda mrefu, naomba tulijadili. Mimi nakimbia kwa mapenzi tu, sina mdhamini wala kocha. Nikienda kwenye marathoni peke yangu, au nikibanana na wenzangu wa kundi la mazoezi ndani ya gari moja, namaliza chini kidogo ya saa 4. Nikienda na mke wangu na watoto, kila kitu kinakwenda sawa hadi kilomita ya 27 au 28, halafu mambo yanaharibika. Mapaja yanakuwa mazito, mapigo ya moyo yanapanda huku kasi inashuka, na namaliza saa 4 na robo, wakati mwingine zaidi.

Mazoezi ni yaleyale, viatu ni vilevile. Na hili limejirudia miaka kadhaa, kwa hiyo habari ya bahati mbaya siikubali.

Niseme mapema: msinishauri niwaache nyumbani. Safari hizi tunazisubiri wote. Binti yangu mkubwa ndiye anayenibandika namba kifuani usiku wa kuamkia mbio, pini nne, na haruhusu mtu mwingine aziguse. Ninachotaka ni kujua kinachobadilika ni nini. Karibuni.

Kisigino #2
Siku moja kabla ya mbio mnafanya nini? Jibu hilo kwanza.

Mwendapole #3
Tunatembea mjini. Makumbusho, ufukweni kama upo, kisha kuchukua namba. Mdogo akichoka namweka mabegani.

Kisigino #4
Basi kesi imekwisha. Umepumzisha mwili wiki mbili nzima, umepunguza kilomita kama inavyotakiwa, halafu siku ya mwisho unazunguka kutwa na mtoto mabegani juu ya sakafu ngumu. Ndiyo maana mapaja yako yanazima kilomita ya 28 na siyo ya 10. Uchovu wa kusimama hauonekani asubuhi, unaamka mzima kabisa. Unakuja kuudai mbele ya safari.

Mimi siku hiyo nakaa chumbani miguu juu. Familia yangu wanajua, wanatoka bila mimi.

Nyuma ya Kundi #5
Kisigino, kwa hiyo wewe husafiri na familia, unawasindikiza hotelini tu? 😀

Tabibu wa Njiani #6
Kisigino usifunge kesi haraka. Kutembea kunachangia, ila dalili alizozieleza mleta mada ni za kuishiwa wanga, tena kwa hesabu ya kawaida kabisa.

Akiba ya wanga mwilini, yaani glaikojeni, ni takriban gramu 400 hadi 500 kwenye misuli na kama 100 kwenye ini, kwa mtu wa wastani aliyekula vizuri. Hiyo ni karibu kalori 2,000. Kukimbia kunatumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 70 kwenye kilomita 42 anahitaji karibu 3,000. Sehemu inatoka kwenye mafuta, lakini ukikimbia kwa kasi yako ya mashindano wanga ndio unaobeba mzigo mkubwa. Ndiyo sababu watu wengi wanaanza kuteseka kuanzia kilomita ya 30. Ukiingia na akiba pungufu, unateseka mapema zaidi.

Sasa jiulize: ukiwa peke yako unakula nini siku mbili za mwisho, na ukiwa na familia unakula nini na saa ngapi? Na njiani unakula jeli ngapi, zile pakiti ndogo za wanga? Ushauri wa kawaida ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na waliozoesha tumbo kwa mchanganyiko wa glukosi na fruktosi wanafika 90.

Mama Raba #7
Kwangu ni kinyume kabisa na mleta mada. Familia ikiwepo nakimbia vizuri kuliko nikiwa peke yangu, na naweza kuwaeleza kwa nini.

Mume wangu hukaa kilomita ya 32. Siyo mwanzo wala mwisho, hapo hapo 32. Kuanzia kilomita ya 25 sifikirii tena mstari wa kumaliza, nafikiria kufika kwao. Nikishawapita zimebaki kumi, na kumi nazikimbia kila wiki. Mwaka mmoja mwanangu alinishika shavu mwishoni akaniuliza kwa nini lina chumvi nyeupe. Nilikuwa nimekauka kabisa lakini sikupunguza mwendo hata mara moja.

Ila Mwendapole nikuulize kitu. Usiku wa kuamkia mbio, chumba kimoja, mtoto akilia nani anaamka? Kwangu anaamka baba yao, tulishakubaliana. Kwenu?

Mwendapole #8
Dada Mama Raba, tunaamka wote wawili. Lakini nimesoma kwamba usiku mmoja mbaya hauharibu mbio, na hata nikiwa peke yangu usiku ule silali vizuri.

Tabibu wa Njiani #9
Ni kweli usiku mmoja wa mwisho haupunguzi sana uwezo wa moyo na mapafu. Kinachobadilika ni jinsi unavyouhisi ugumu: kasi ileile unaiona nzito zaidi. Kwenye mbio fupi hutajali. Kwenye saa nne, kuiona kasi nzito ndiko kunakukatisha tamaa. Na kama mmesafiri mapema na watoto, huo si usiku mmoja tena.

Jasho Jingi #10
Naona mnazunguka mbuyu. Tatizo la mleta mada ni watazamaji.

Tangu 1898 Norman Triplett aliandika kwamba waendesha baiskeli wanakwenda kasi zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakishindana na saa peke yao. Mwaka 1965 Robert Zajonc akaongeza jambo muhimu: kuangaliwa kunamsaidia mtu kwenye kitu alichokizoea na kunamvuruga kwenye kitu ambacho hajakizoea. Sasa kukimbia umekuzoea. Kujizuia kilomita kumi za kwanza hujakuzoea! Mke na watoto wako pale kwenye kilomita ya 2 wanapiga kelele, kifua kinapanuka, unaondoka na kundi lisilo lako. Kilomita ya 28 unalipa.

Fungua kumbukumbu za saa yako utuwekee kilomita 10 za kwanza, za ukiwa peke yako na za ukiwa nao.

Mwendapole #11
Nimezifungua. Kwa saa 4 kamili natakiwa niende kama dakika 5:41 kwa kilomita. Nikiwa peke yangu kumi za kwanza ni 5:40 hivi. Nikiwa na familia ni 5:34. Sekunde sita.

Jasho Jingi #12
Umeona? Dakika nzima kwenye kilomita kumi.

Fundi Saa #13
Subirini. Sekunde sita kwa kilomita kwa saa ya GPS si ushahidi wa kumfunga mtu.

Njia ya marathoni inapimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, ikifuata njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji anaweza kupita, sentimita 30 kutoka ukingoni mwa barabara kwenye kona. Wewe hukimbii hapo. Unapita watu, unakwenda kushoto kwenye kituo cha maji, unakata kona kwa nje. Unaweza kabisa kukimbia mita 400 au 600 zaidi. Juu ya hapo saa nayo inapoteza mwelekeo kati ya majengo marefu na inaongeza umbali ambao haupo.

Kwa hiyo saa ikikuambia 5:34, kwa alama za barabarani huenda ni 5:40 ileile. Tena mfano wa hatari yake: umepanga 5:30 kwa saa, na saa ikasoma kilomita 42.8 mwishoni. Hizo mita 600 za ziada ni dakika tatu na ushee, na utalalamika umezima wakati hujazima popote. Zima kipimo cha kilomita cha kujiendesha, bonyeza mwenyewe kwenye kila bango la kilomita.

Nyuma ya Kundi #14
Fundi hapa umenena. Mimi kila mbio nasema waandaaji wametuibia, saa yangu inasoma 42.7. Kumbe!

Ila nasikia pia kwamba njia zenyewe zinapimwa ndefu kwa makusudi?

Fundi Saa #15
Ndiyo, moja kwa elfu inaongezwa ili njia isije ikaonekana fupi ikipimwa upya. Kwa kilomita 42.195 ni kama mita 42. Rekodi ikiwekwa kwenye njia iliyopungua inafutwa, kwa hiyo wapimaji wanajikinga. Wanaoongeza nusu kilomita ni sisi wenyewe kwa miguu yetu.

Mpanda Kilima #16
Nimesoma wote. Kuna swali hajaulizwa: mbio gani unakwenda peke yako na zipi unakwenda na familia?

Nahisi ukienda na familia mnachagua mahali pa kupumzikia pia. Pwani, joto, likizo za shule. Ukienda na wenzako mnachagua njia tambarare na msimu wa baridi kwa sababu wote mnatafuta muda. Marathoni hukimbiwa vizuri zaidi kwenye nyuzi kama 10 za Selsiasi. Ukifika 20 na kuendelea, mkimbiaji wa saa nne anaumia kuliko wa saa mbili, kwa sababu jua linapanda akiwa bado barabarani. Mapigo ya moyo kupanda huku kasi inashuka ni dalili ya joto kabisa. Damu inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili.

Familia haina kosa. Kalenda ndiyo yenye kosa.

Mwendapole #17
Mkuu Mpanda Kilima, hoja nzito, na kwa sehemu ni kweli tunachagua pwani. Lakini kuna mbio moja nimezikimbia kwa njia zote mbili, njia ileile, mwezi uleule. Tofauti ilikuwepo.

Mpanda Kilima #18
Mwezi uleule, mwaka mwingine. Nitafutie joto la asubuhi zote mbili halafu tuendelee.

Mlinzi wa Mabegi #19
Mimi sikimbii. Ni mke wa mkimbiaji, na nimesoma humu muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu wote mnaongelea familia kana kwamba ni mzigo ulioko kwenye buti la gari.

Hamjui siku yetu inavyokuwa. Naamka kabla yake kwa sababu yeye akiamka anataka kimya. Naondoka na watoto, begi la nguo kavu, begi la watoto na karatasi niliyoandika atapita wapi saa ngapi. Barabara zimefungwa, kwa hiyo kutoka kilomita ya 8 hadi ya 21 natembea, maana hakuna gari linalopita. Tunasimama. Wanapita watu elfu wenye fulana zinazofanana. Mkubwa anaangalia kushoto, mdogo anaangalia kofia, mimi naangalia mwendo wake, kwa sababu mguu wake wa kulia unatupwa nje kidogo na hakuna mwingine anayekimbia vile. Tunamwona kwa sekunde nne. Halafu tunaanza kutembea tena kwenda kilomita ya 35.

Sasa kuhusu swali. Ninachokiona nikiwa pembeni ni hiki: mume wangu akitukuta anasimama. Anabusu watoto, anauliza kama wamekula, ananipa kofia, anachukua kitu. Dakika moja, wakati mwingine mbili. Akiondoka, hatua za kwanza ni za mzee. Nimeliona hilo kila mara, na akituona mapema zaidi ndivyo anavyosimama mara nyingi zaidi. Mwulizeni Mwendapole anasimama mara ngapi.

Mama Raba #20
Dada Mlinzi wa Mabegi, asante sana kwa kuandika. Hii ndiyo post bora ya uzi huu. Mume wangu nitamsomesha leo, aone kuna mwenzake.

Kisigino #21
Nakazia. Na kusimama kunaungana na hoja yangu: misuli iliyochoshwa jana ikisimamishwa leo inakaza.

Tabibu wa Njiani #22
Kila hoja kwako inaishia miguuni, Kisigino 😀

Lakini shemeji Mlinzi wa Mabegi amegusa jambo jingine: "anachukua kitu". Anachukua nini? Kama ni chupa ya maji kila mkikutana, juu ya yale ya vituoni, kuna hatari ya kweli. Kwenye Boston Marathon ya 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini kupita kiasi. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliomaliza baada ya saa nne na wale walioongezeka uzito njiani, maana yake walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Mtu akivimba vidole, akichanganyikiwa, akitapika, msimwongezee maji. Mpelekeni kwa wahudumu. Kunywa kwa kiu, usinywe kwa sababu mpendwa wako amekuja na chupa.

Jasho Jingi #23
Tena kupokea chupa nje ya vituo rasmi ni kosa kwa kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani. Na mtu asiyeshindana haruhusiwi kukimbia pembeni yako kukuvuta. Kwa sisi wa nyuma hakuna anayeangalia, ila muijue. Ndiyo moja ya sababu ile 1:59:40 ya Kipchoge kule Vienna 2019 haikuwa rekodi rasmi: wavutaji walikuwa wanaingia na kutoka kwa zamu, na vinywaji alikuwa analetewa kwa baiskeli.

Nyuma ya Kundi #24
Na kumaliza umeshika mkono wa mtoto je? Mimi ndiyo ndoto yangu.

Jasho Jingi #25
Inategemea mbio. Ironman, zile mbio za kuogelea, baiskeli na kukimbia, wamekataza kabisa kuvuka mstari na mtu asiye mshiriki, unaondolewa kwenye matokeo. Marathoni nyingine zinavumilia, nyingine hazitaki. Uliza kabla. Kumbuka Dorando Pietri, London 1908: alianguka mara kadhaa ndani ya uwanja, maofisa wakamwinua na kumsaidia kuvuka, akashushwa hadi nafasi ya pili.

Fundi Saa #26
Hapana, hakushushwa. Aliondolewa kabisa, na dhahabu ikaenda kwa Johnny Hayes wa Marekani. Kesho yake Malkia Alexandra akampa Pietri kikombe kama heshima. Umbali wa 42.195 nao ulitumika kwa mara ya kwanza kwenye mbio hizo hizo, ukaja kufanywa kanuni 1921.

Jasho Jingi #27
Sawa Fundi, nimekuelewa.

Nyuma ya Kundi #28
Kuna kitu kingine. Mtu ukiwa na familia huwezi kuacha mbio. Peke yangu nikiona goti halikubali nakaa chini naita gari. Nao wakiwepo nalazimisha. Labda mwenzetu anamaliza kwa 4 na 25 siku ambazo peke yake asingemaliza kabisa, kwa hiyo zile mbovu za peke yake hazimo kwenye hesabu!

Mpanda Kilima #29
Hii hoja ni nzuri kuliko unavyodhani. Mwendapole, umewahi kujitoa ukiwa peke yako?

Mwendapole #30
Nimewahi. Na nikiwa nao, kamwe.

Mpanda Kilima #31
Basi wastani wako wa peke yako ni wa siku nzuri tupu.

Mama Raba #32
Kwenye kulazimisha mniruhusu. John Stephen Akhwari alianguka Mexico City 1968, goti likaumia, akamaliza kwa 3:25:27 wakati mshindi Mamo Wolde alitumia 2:20:26. Namheshimu kwa moyo wote. Lakini yeye alikuwa anaiwakilisha nchi. Sisi Jumatatu tunarudi kazini na watoto wanatuhitaji tukiwa wazima. Niliwahi kuacha mbio mbele ya wanangu, kilomita ya 24, kwenye joto. Mkubwa akanivua namba akaikunja akaiweka mfukoni mwake, tukaenda kuogelea. Hawakuniona mdogo hata kidogo.

Kisigino #33
Hapo nakuunga mkono asilimia mia.

Mwendapole #34
Nawashukuru wote. Nimechukua mengi. Mbio zijazo tunakwenda wote, na nataka kujaribu: siku ya mwisho sitembei, nabonyeza saa kwenye mabango, nawaomba wakae kilomita ya 32 tu kama alivyosema Mama Raba, sisimami, na wanga nausimamia tangu siku mbili kabla.

Tabibu wa Njiani #35
Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichosaidia. Badilisha kimoja. Anza na wanga.

Kisigino #36
Mtu anataka kukimbia vizuri, wewe unataka aandike tasnifu. Badilisha vyote, mkuu.

Mlinzi wa Mabegi #37
Kabla hujabadilisha chochote, mkeo anasemaje? Yeye ndiye aliyekuangalia miaka yote. Mwulize utuletee.

Mwendapole #38
Nimemwuliza sasa hivi. Anasema siku mbili za mwisho nikiwa nao sili mezani. Nahudumia watoto, nakata vipande vyao, wakimaliza nakula kilichobaki kikiwa kimepoa, nikisema nimeshiba. Anasema pia nikitoka kwao kilomita ya 20 huwa nageuka kuwaangalia mara mbili tatu huku nakimbia, na nikigeuka naongeza mwendo.

Tabibu wa Njiani #39
Wanga! Nilisema.

Jasho Jingi #40
"Nikigeuka naongeza mwendo." Watazamaji! Soma sentensi ya mwisho, Tabibu.

Kisigino #41
Watoto wakati wa kula amewabeba au wamekaa? Nauliza tu.

Mpanda Kilima #42
Bado nasubiri joto la zile asubuhi mbili.